Kushuka Duna: shajara ya chombo cha kutua na kigari chake

Ijumaa usiku

Dirisha la kwenda Duna linafunguka karibu na siku ya 236 ya mwaka wa kwanza. Hapo sayari ile nyekundu inakuwa imeitangulia Kerbin kwa nyuzi 44 hivi katika kulizunguka jua, na chombo kitakachoondoka wakati huo kitaikuta mbele ya safari baada ya siku 300 na kidogo. Dirisha linalofuata liko zaidi ya siku 900 mbele. Kalenda yangu ndani ya mchezo wa kompyuta wa Kerbal Space Program inasoma siku ya 190, na karakana bado ni tupu.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ulitengenezwa Mexico City na kampuni ya Squad, kazi ikiongozwa na Felipe Falanghe, na ukatoka hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Unaunda roketi kipande kwa kipande, unairusha, na kinachoiongoza huko juu ni kanuni zilezile za Newton. Sayari zake zimefanywa ndogo. Kerbin, dunia ya huko, ina nusu-kipenyo cha kilomita 600 tu, kwa hiyo kuingia obiti kunahitaji delta-v ya mita 3,400 hivi kwa sekunde, wakati kwetu inahitajika zaidi ya 9,000. Delta-v ni jumla ya mabadiliko ya mwendo ambayo chombo kinaweza kuyafanya kabla tangi halijakauka. Mita hizo ndizo nitakazozihesabu wiki nzima.

Duna imeigwa kwa Mirihi. Mvutano wake ni sehemu 0.3 ya ule wa Kerbin. Hewa ipo, lakini ni nyembamba: juu ya ardhi mgandamizo wake haufiki hata asilimia 7 ya ule wa Kerbin, na ukipanda kilomita 50 hakuna kitu. Hewa ya namna hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kutua iwe ya kufikirisha. Inatosha kupunguza mwendo, haitoshi kukushusha salama kwa parachuti peke yake. Mwezini unajua kwamba kila kitu ni injini. Kerbin unajua kwamba parachuti zitamaliza kazi. Duna inataka vyote viwili, na inataka ujue ni wapi kimoja kinakabidhi kingine.

Kanuni yangu ni kuunda kuanzia mwisho wa safari. Kwanza tairi na miguu, yaani vile vitakavyogusa udongo, kisha kitakachovishusha, kisha kitakachovifikisha, roketi ya kuondokea Kerbin ndiyo ya mwisho kabisa. Wengi huanza na roketi kubwa kisha hutafuta cha kuweka juu yake, na ndiyo sababu huko Duna unakuta minara mirefu iliyolala ubavu. Kila kilo inayotua imebebwa na mafuta, na mafuta hayo nayo yamebebwa na mafuta mengine. Kilo ikipunguzwa chini, msururu wote wa juu unapungua.

Jumamosi

Leo ni siku ya kigari.

Nimeamua watu wawili washuke: Bob, mwanasayansi, na Bill, fundi. Valentina ni rubani, naye atabaki kwenye obiti na chombo mama. Wengi watashangaa rubani kuachwa juu, lakini ubongo wa kompyuta uliomo ndani ya chombo cha kutua unaweza kukishika kisiyumbe bila rubani. Hakuna kompyuta ya mchezo huu itakayobadilisha tairi lililopasuka, wala itakayosafisha vifaa vya sayansi vikatumika tena. Kazi hizo ni za fundi na mwanasayansi.

Kwa hiyo kigari kina viti viwili vya wazi, tairi nne, antena, paneli za sola na betri. Jua linalofika Duna ni asilimia 43 hivi ya lile la Kerbin, kwa sababu umbali kutoka kwenye jua umeongezeka mara moja na nusu. Paneli inayotosha hapa nyumbani inabidi iongezwe zaidi ya mara mbili kule. Usiku wa Duna nao ni mrefu: siku nzima ni saa 18 na dakika 12, hivyo giza ni saa tisa. Nilifikiria jenereta ya nyuklia, kama ile inayoiendesha Curiosity, kigari cha NASA huko Mirihi, nikaiacha. Kwenye mchezo hakuna dhoruba za vumbi kama ile iliyoinyamazisha Opportunity, kigari kingine cha Mirihi, mwaka 2018. Kigari kitalala usiku na kutembea mchana.

Mpwa wangu amekuja kukaa nasi wikiendi hii, akavuta kiti karibu na skrini.

"Shangazi, mbona hukiwekei paa? Jua litawachoma."

"Wana suti zao, mwanangu. Paa litakipandisha juu, na kikiwa kirefu kitapinduka."

Akaangalia kwa muda. "Basi hizo betri mbona umeziweka nyuma ya viti? Si uziweke chini ya tumbo?"

Nikazishusha chini ya tumbo. Ile alama ya njano inayoonyesha kitovu cha uzito ikateremka mbele ya macho yetu, na hapo hoja ikaisha.

Suala la kupinduka linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linaloua vigari vingi kuliko kitu kingine. Watu hudhani mvutano mdogo unamaanisha gari jepesi na rahisi kuendesha. Ni kinyume. Uzito ndio unaolibana tairi kwenye ardhi. Ukipungua, breki nazo zinapungua. Kwenye Duna kigari kilekile kinahitaji umbali wa zaidi ya mara tatu ili kisimame. Kwenye kona, mwendo wa kupinduka unashuka kwa kipeuo cha pili cha mvutano: gari linalopinduka Kerbin kwa mita 20 kwa sekunde, kwenye kona hiyohiyo Duna litapinduka kwa 11. Likiruka kwenye tuta, linakaa hewani zaidi ya mara tatu ya muda, likizunguka polepole, na linaposhuka tairi si lazima ziwe chini.

Jaribio kwenye nyasi za kituo cha kurushia, kwa hiyo, halina maana lisipopunguziwa mvutano. Mchezo una menyu ya majaribio inayokuruhusu kuushusha. Nimeuweka 0.3 na kuendesha pale uwanjani mchana wote. Wapo wanaouita huo udanganyifu. Mimi siukubali mtazamo huo, kwa sababu ndivyo wanavyofanya wahandisi wenyewe. Huko JPL, maabara ya NASA iliyoko California, wana gari la majaribio waliloliita Scarecrow, lenye tairi na viungo kama vya Curiosity, lakini lililopunguzwa vitu vingi hadi kompyuta, ili uzito wake hapa duniani ulingane na ule ambao Curiosity inao kule Mirihi.

Majaribio yalileta mabadiliko matatu. Tairi zilisogezwa nje hadi upana ukawa karibu sawa na urefu. Breki za mbele nilizilegeza sana, kwa sababu zikikamata kwa nguvu, mkia unanyanyuka na waliokaa wanakwenda kichwa mbele. Breki za nyuma ndizo zinazofanya kazi. La tatu ni la mchezo wenyewe. Vitufe vinavyoendesha tairi ndivyo pia vinavyoamuru magurudumu ya mzunguko yaliyomo ndani ya ubongo wa kompyuta, yale yanayogeuza chombo angani. Ukibonyeza kwenda mbele, tairi zinavuta na wakati huohuo ubongo unajaribu kukipindua kigari kwa pua. Hapa Kerbin huoni, kwa sababu uzito unashinda. Kwa mvutano wa 0.3 mkia unanyanyuka na kinasimama kwa tairi za mbele. Nimeyazima yale magurudumu na kuvipa vitufe vya mwendo kazi moja tu.

Uzito wa mwisho: tani 1.6. Mwendo niliouruhusu: mita 8 kwa sekunde, hata pale ardhi inapoonekana tambarare.

Jumapili

Kigari kitashukaje? Nimelitafakari hili tangu alfajiri, na historia imetoa majibu kadhaa. Mwaka 1970 Lunokhod 1 ya Wasovieti ilishuka mwezini ikiwa juu ya jukwaa lenye miguu, ikateremka kwa njia za mteremko. Zhurong ya China ilifanya vivyo hivyo Mirihi mwaka 2021. Sojourner ya mwaka 1997 ilishuka ndani ya mapulizo, ikidunda juu ya mawe hadi ikatulia. Curiosity, yenye kilo 899, ilikuwa nzito mno kwa mapulizo, na jukwaa lingekuwa refu na la kuyumba; ndiyo maana mwaka 2012 iliteremshwa kwa kamba kutoka kwenye winchi ya injini iliyoelea juu yake.

Wachezaji wanaipenda sana winchi ile. Ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini nauliza: kigari changu kina sababu zilezile? Kamba zilikuwa na maana yake, kuziweka injini mbali na udongo ili zisichimbe mashimo na kurusha mawe. Kwenye mchezo injini hazichimbi ardhi. Kinachobaki cha maana ni wazo la nyuma yake, kwamba kigari kitue kwa tairi zake chenyewe bila miguu mingine wala ngazi. Basi nimekivika mgongoni kifurushi: tangi dogo, parachuti, na injini mbili ndogo zilizotokeza kila ubavu juu ya usawa wa tairi, kila moja na msukumo wa kilonewtoni 16. Kikigusa ardhi, kitenganishi kinafyatuka na kifurushi kinaruka kikaanguke mbali. Vyote pamoja ni tani 2.4, ambazo Duna zina uzito wa kilonewtoni 7 tu. Nguvu ni ya kutosha na ya ziada.

Swali lingine lilikuwa kama kigari kishuke kimefungwa kwenye chombo cha watu. Hapana. Kikining'inizwa ubavuni, kitovu cha uzito kinahama na injini ya katikati haisukumi tena mahali pake. Kikiwekwa chini ya tumbo, miguu lazima irefuke, na urefu ndio adui tunayemkimbia. Wala haviwezi kuachana njiani hewani: mchezo hauwezi kusimamia vyombo viwili vinavyoshuka mbalimbali, na kile usichokiangalia kikishapotea umbali wa kilomita 20 na zaidi ndani ya hewa nzito, hufutwa. Kigari kitatangulia peke yake, kitue, kisimame kama alama. Watu watakifuata.

Chombo cha watu nimekipanga kwa upana. Chini ya chumba cha watu wawili kuna tangi fupi la katikati lenye nusu tani ya mafuta na injini ya Terrier, kisha matangi mafupi manne yamelizunguka, kila moja na tani moja. Miguu iko kwenye yale ya nje. Chombo kizima ni tani 10, na mafuta tani nne na nusu humo ndani. Kwa injini yenye ufanisi wa sekunde 345 (kipimo cha jinsi inavyotumia mafuta vizuri), hiyo ni delta-v ya mita 2,020 hivi. Kupanda kutoka Duna hadi obiti kunakula 1,450 hivi. Hatua ya mwisho ya kutua naipa 250. Kinachobaki ni cha kumtafuta Valentina. Msukumo wa Terrier ni kilonewtoni 60 dhidi ya uzito wa 29, yaani zaidi ya mara mbili, na hewa ya Duna inaupunguza kidogo tu.

Sasa hesabu ya kuanguka. Kitovu cha uzito kiko mita 1.8 juu ya ardhi, na kutoka katikati hadi kwenye ukingo wa nyayo ni mita 2.4. Kikisimama tuli kinaweza kuinama nyuzi 53 kabla hakijaenda. Inaonekana ni nyingi mno. Lakini kinachoangusha vyombo ni mwendo wa pembeni wakati wa kugusa. Ili kianguke, kitovu cha uzito lazima kinyanyuke mita 1.2, kutoka 1.8 hadi 3, na kwa mvutano wa Duna mwendo wa pembeni wa mita 2.7 kwa sekunde una nishati ya kutosha kufanya hivyo. Kerbin ungehitaji karibu 5. Kwa maneno mengine, chombo kilekile, kwa miguu ileile, ni rahisi zaidi kukiangusha pale kinapokuwa chepesi. Nilipoipata namba hiyo nilisogeza miguu nje kadiri matangi yalivyoruhusu, na nikajiwekea sharti: mwendo wa pembeni usizidi nusu mita.

Ngao ya joto sikuiweka. Kutoka obiti ya kilomita 60 unaingia kwa mita 890 hivi kwa sekunde, na kwa hewa ile joto lake ni dogo. Vifaa vya sayansi nimevifunga kwa vitenganishi: Bob atachukua takwimu kwa mkono, vifaa vyenyewe vitabaki Duna. Kurudi navyo ni kulipia mafuta ya kubeba makopo matupu.

Jumatatu

Mawasiliano, na chombo mama. Nitakuwa mfupi.

Kati ya Kerbin na Duna umbali mkubwa kabisa ni kilomita milioni 35 hivi. Antena ndogo ya kupokezana, ikizungumza na kituo cha Kerbin kilichoboreshwa kikamilifu, inaishia milioni 22, kwa hiyo ingekatika miezi ambayo sayari ziko pande mbili za jua. Ya ukubwa wa kati inavuka milioni 60. Nimechukua hiyo, satelaiti mbili, zikizunguka juu ya ncha. Nilitaka moja isimame juu ya sehemu moja, kama za televisheni kwetu, lakini Duna hairuhusu: obiti ya namna hiyo ndiyo anayokaa Ike, mwezi wake. Ike na Duna wameshikana uso kwa uso, mwezi hautoki juu ya upande ule mmoja, na chochote utakachoweka kwenye njia yake atakiburuta.

Chombo mama kina injini mbili za nyuklia za Nerv. Ni nzito, tani tatu kila moja, na zinasukuma polepole, ila ufanisi wake ni sekunde 800. Kikiwa kimebeba kila kitu ni tani 45.

Jumanne

Marusho mawili, kisha kuunganisha kwenye obiti ya kilomita 80. Chombo mama kwanza; chombo cha watu, kigari na satelaiti baadaye. Hakuna la kusimulia, na ninashukuru.

Neno moja tu juu ya mahali pa kurushia. Kituo cha Kerbin kimewekwa karibu kabisa na ikweta, na ukielekeza roketi mashariki mzunguko wa sayari unakupa mita 175 kwa sekunde bila mafuta. Kwetu ikweta inatoa 465. Hiyo ndiyo faida iliyowaleta Waitaliano katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, wakasimika jukwaa la San Marco baharini. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku ile ya Kenya. Kila ninapoinamisha roketi kuelekea mashariki naikumbuka pwani ile, na natamani watoto wengi zaidi wa huko waijue habari yake.

Jumatano

Siku ya 236. Kuwasha injini dakika sita na ushee, mita 1,060 kwa sekunde, na Kerbin ikaanza kuwa ndogo nyuma yetu. Msukumo mdogo unahitaji uvumilivu: nilianza dakika tatu kabla ya ile alama ya wakati uliopangwa, ili nusu ya kazi iwe kabla na nusu baada.

Alhamisi

Siku mia tatu za Wakerbali, watu wa Kerbin, zilipita kwa dakika chache, nikiwa nimeharakisha saa. Nusu ya njia nilirekebisha mwelekeo kwa mita chache tu, ili tupite juu ya ncha na si kando ya ikweta. Kando ya ikweta yupo Ike, na eneo lake la mvutano ni pana kiasi kwamba wageni wengi hujikuta wameingia kwake wakidhani wanakwenda Duna.

Mwaka wa pili, siku ya 112: tumefika. Kusimamisha chombo na kukishusha hadi obiti ya kilomita 60, mita 610 kwa jumla. Ningeweza kutumia hewa kupunguza mwendo, lakini huku nyuma kuna kigari chenye tairi na antena zilizotokeza, na mafuta yapo. Satelaiti zote mbili zimeachiwa na zinaongea na nyumbani.

Ijumaa

Kigari.

Mahali nilipochagua ni ukingo wa nyanda za chini. Sababu ya kwanza ni hewa: ardhi ikiwa chini, safu ya hewa juu yake ni nene zaidi na parachuti zinapata muda wa kufanya kazi. Vyombo vya Mirihi huchaguliwa mabonde kwa sababu hiyohiyo. Sababu ya pili ni kwamba ukingo unampa Bob aina mbili za ardhi kwa matembezi mafupi.

Niliwasha injini kidogo upande wa pili wa sayari, kisha nikasubiri. Kuanzia kilomita 50 hakuna kinachoonekana. Kuanzia 20 wekundu mwembamba ukazunguka tairi. Parachuti ndogo za kuvunja mwendo zilifunguka kwanza, na ile alama ya zile kubwa ikatoka nyekundu, ikawa njano, ikawa nyeupe. Zikafunguka. Mwendo ukatulia kwenye mita 24 kwa sekunde, na hapo ndipo hewa ya Duna inapokuambia kwamba imefika mwisho wa uwezo wake.

Mita mia mbili juu ya ardhi niliwasha injini mbili. Ishirini, kumi na mbili, sita. Kivuli cha kigari kilikuwa kinapanda mteremko kukilaki. Mita mbili kwa sekunde, tairi za kushoto zikagusa kwanza kwa sababu ardhi ilikuwa imeinama nyuzi sita, kisha za kulia, na springi zikameza lililobaki. Kifurushi kikaruka na parachuti zake zikiburuzika, kikaenda kuangukia mita mia tatu hivi mbali.

Nimekiendesha mita hamsini mbele na kurudi, kwa amri kutoka Kerbin kupitia satelaiti. Kinatii. Mchezo hauhesabu muda wa mawimbi kusafiri. Kwa Mirihi halisi amri ingechukua dakika kati ya 3 na 22 kufika, na dereva angekuwa ameandika safari nzima ya kesho leo.

Jumamosi

Bill na Bob wameshuka. Kutengana na chombo mama, kuwasha injini, hewa, parachuti ndogo, parachuti kubwa, Terrier. Nililenga kilipo kigari, na upepo wa bahati haupo Duna wa kusingizia: umbali ulitokana na kukadiria mvuto wa hewa kwa chombo kizito mara nne ya kile cha kwanza. Tumetua kilomita sita mashariki yake. Mwendo wa pembeni ulikuwa mita 0.3 kwa sekunde. Miguu minne ikainama na kurudi, na chombo kikasimama kipana juu ya udongo mwekundu kama kilivyochorwa.

Kilomita sita ndiyo kazi aliyopewa mpwa wangu, aliyerudi asubuhi kwa ajili ya hili.

"Nikimbize, Shangazi?"

"Mita nane. Ukiona tuta, punguza kabla, usifunge breki juu yake. Kona zako ziwe pana."

Aliendesha bila kuzungumza, dakika kumi na tano hivi, akiyazunguka mawe kwa mbali. Kwenye ukingo wa bonde dogo tairi la mbele kulia likapasuka kwenye mwamba ambao hata mimi sikuuona. Akaniangalia. Nikamwambia asimame taratibu, anyooshe usukani, kisha aendelee na matatu kwa mwendo wa kutembea. Chombo kilikuwa kinaonekana tayari. Kilipofika, Bill akatoka na kisanduku chake na kulitengeneza. Curiosity ilianza kutobolewa tairi zake za alumini na mawe makali tangu mwaka 2013, na kule hakuna Bill. Wahandisi wanachoweza ni kuchagua njia laini na kuendesha kwa upole zaidi. Viti viwili na fundi mmoja vimejilipa leo.

Mchana uliobaki ni wa Bob: sampuli za udongo wa nyanda za chini, kipimajoto, kipimahewa, kipimatetemeko, kisha kigari hadi kwenye nyanda za kati na yote upya. Jua lilipozama tulikuwa na takwimu za aina zote mbili, na Ike alikuwa palepale angani alipokuwa asubuhi.

Jumapili

Kupanda. Bob amekusanya takwimu zote chumbani, vitenganishi vikaangusha vifaa na parachuti, na chombo kikawa chepesi. Terrier ilikinyanyua bila kusita. Niliinamisha mapema, kwa sababu hewa nyembamba haikudai tupande wima kwa muda mrefu, na kwenye kilomita 60 tukamfuata Valentina kwa nusu mzunguko. Tulipoungana mlango kwa mlango tangi lilikuwa na mita 280 zilizobaki. Miguu ile mipana nayo ilipanda nasi. Ilikuwa na uzito wake, na ningeilipia tena.

Dirisha la kurudi nyumbani halifunguki hadi mwaka wa tatu, karibu na siku ya 216. Ni siku 530 za kungoja, na kigari kiko chini, kizima, betri zimejaa, tairi nne. Kutoka ikweta hadi kwenye barafu ya ncha ya kaskazini ni kilomita 500. Kwa mita 8 kwa sekunde ni saa 17 na nusu za kuendesha. Nimeanza kuchora njia kwenye ramani, hatua ya kilomita 40 kila mara, mchana tu, nikikwepa kuta za mabonde na kuchagua vituo ambavyo satelaiti angalau moja inaviona. Bila Bill, tairi litakalopasuka litabaki limepasuka, kwa hiyo kwenye mawe mwendo utakuwa mita 4. Mpwa wangu ameomba hatua ya kwanza. Nimempa.